Majina ya Zamadamu na Lugha Zetu

Fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai, Tanganyika, mwaka 1959, liliitwa Zinjanthropus boisei na mumewe, Louis: Zinj, jina walilotumia Waarabu wa kale kuitaja pwani yetu, na Boise, mfadhili wa utafiti huo. Kimaasai, lugha ya wenyeji wa hapo, hakikuhusishwa.

Mwaka 1995, visukuku vya Kanapoi na Allia Bay, Kenya, vyenye umri wa takriban miaka milioni 4, viliitwa Australopithecus anamensis, kutokana na anam, yaani ‘ziwa’ kwa Kiturkana. Mfupa wa muundi uliopatikana Kanapoi wadhihirisha kwamba zamadamu huyo alitembea kwa miguu miwili.

Basi lugha zetu zimeanza kuitaja asili ya binadamu. Wajibu wa wanaisimu ni kuziwezesha kuieleza. La sivyo, tutaisoma historia ya ardhi yetu kama wageni.