Kumiliki bunduki Tanzania: Haki ya raia au ruhusa ya Serikali?

Ukipanda Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, utakuta kata inaitwa Bunduki. Ndiyo, jina ni hilo hilo. Lakini mkulima wa huko anayekesha shambani ili mahindi yake yasiliwe na nguruwe pori, akitaka bunduki yenyewe, hana kifungu cha Katiba cha kumwonyesha ofisa wa polisi.

Hapa ndipo wengi wanaofuatilia mabishano ya Marekani kwenye simu huchanganya mambo. Kule, Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791 yanataja haki ya watu kuwa na silaha, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo ni ya mtu binafsi. Huku kwetu, Katiba ya 1977 haiitaji popote. Hata haki za binadamu zilipoingizwa mwaka 1984, hiyo haikuwemo. Ibara ya 147 ndiyo imefunga kabisa: ni Serikali tu inayoweza kuunda jeshi la aina yoyote. Mgambo na sungusungu wapo kwa sababu sheria imewaruhusu.

Kwa hiyo bunduki ni leseni. Inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kwenye vikao vya ulinzi na usalama, kisha yanapanda Polisi ngazi kwa ngazi. Na ukishapata leseni usidhani umemaliza. Mwaka 2016 wamiliki waliitwa kuhakiki silaha zao, na hata Rais John Magufuli alihakiki za kwake.

Je, hiyo ina maana Serikali inaweza kufanya lolote?

Hapana, na sehemu hii watu wengi hawaijui. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kubana haki kwa ajili ya usalama na maslahi ya umma, lakini mahakama imeshasema kubana huko kuna mipaka. Zamani kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilimnyima dhamana mtu yeyote ambaye kosa lake lilihusu shambulio kubwa, tishio la vurugu au kupatikana na bunduki au mlipuko. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kilikuwa kipana mno: kilimzoa hata mshtakiwa ambaye si hatari kwa mtu.

Halafu kuna Ibara ya 13(6)(a). Chombo chochote kinachoamua juu ya haki au wajibu wako lazima kikusikilize kikamilifu, na uwe na njia ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Huna haki ya kupewa bunduki, sawa. Lakini kutendewa kwa haki unapoiomba, au unapokamatwa nayo, hiyo unayo.

Mzigo mkubwa zaidi Morogoro uko kwenye gobole. Hii ni silaha ya kienyeji, inashindiliwa baruti mdomoni, na inapiga risasi moja kabla ya kushindiliwa tena. Kisheria, kuwa nayo bila leseni kunaweza kushtakiwa kama uhujumu uchumi, na marekebisho ya 2016 yaliweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30 kwa makosa ya kundi hilo. Jambazi mwenye SMG na mzee mwenye gobole la kufukuzia ngedere wanaweza kuingia mlango mmoja. Kwa maoni yangu, mjadala wa kwetu ungeanzia hapo, kwenye uzito wa adhabu, kuliko kuazima ule wa Marekani.

Mkulima anaweza kuuliza: nisipokuwa na bunduki, nani ananilindia shamba? Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama kama tembo na kiboko, kwa ekari zisizozidi tano, na kifuta machozi cha Sh1 milioni mtu akiuawa. Jina lenyewe linakwambia kuwa si fidia.

Aliyerithi gobole la babu na hajui alifanyie nini, njia ipo. Serikali imekuwa ikitoa msamaha wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kama ilivyofanya Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022: unaipeleka kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa bila kushtakiwa kwa kuimiliki. Sikiliza tangazo la msamaha kwanza, ndipo uitoe darini. Ukikutwa nayo njiani nje ya kipindi hicho, maelezo kwamba ulikuwa unaipeleka kituoni ni magumu kuaminika.