Deki Iliyosoma Kila Kitu

Televisheni ya kwanza kuingia mtaani kwetu Magomeni haikununuliwa kwa ajili ya kituo chochote, maana kituo hakikuwepo. Wazanzibari walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo nyumba nyingi za Dar es Salaam zilijua deki kabla ya kujua taarifa ya habari ya saa mbili kwa picha. Mwenye deki alikuwa na sinema za Kihindi, za ngumi, na juu ya zote alikuwa na mkanda wa harusi: yake, ya mdogo wake, ya binti wa jirani. Mgeni akija, soda inaletwa, mkanda unawekwa, atake asitake.

Mimi nilianza kupiga video za harusi mkanda ukielekea ukingoni, nikibeba begani Panasonic M3000 ya bosi wangu iliyomeza mkanda mzimamzima wa VHS. Mkanda ulikuwa na shida zake. Uliliwa na deki, uliota ukungu, ukinakiliwa mara ya tatu sura ya bibi harusi ilibaki ya kukisia. Lakini mteja hakuwahi kuniuliza kama deki yake itausoma. Mkanda uliorekodiwa Kariakoo ulicheza Mwanza na ulicheza Muscat. Swali la "itasoma kweli?" lilikuja na diski, na kwa miaka kama kumi hivi ndilo lililoamua watu wanunue deki gani.

Ilianza VCD. Kiwango chake kiliwekwa 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC: dakika 74 za video kwenye CD ya kawaida, picha ya nukta 352 kwa 288, ambayo kusema kweli haikuushinda mkanda kwa mbali. Marekani na Ulaya hawakuijali. China waliipapatikia, viwanda vyao vikatoa deki za VCD kwa wingi, na shehena hizo, nyingine zikipitia Dubai, zikafika Kariakoo pamoja na kompyuta zenye uwezo wa kuchoma CD. Wapiga harusi tukahama. Sherehe ya saa tatu na nusu ikawa seti ya CD tatu: ya kwanza saluni na ndoa yenyewe, ya pili kuingia ukumbini, keki na ndafu, ya tatu zawadi na muziki. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoangaliwa kuliko zote, kwa sababu kila ukoo ulitaka kuona nani alitoa nini.

Matatizo yalianza DVD ilipofika. Huko Japani deki za DVD ziliingia sokoni 1996, na miaka michache baadaye watoto wa watu waliokuwa nje wakaanza kuwaletea wazazi wao kama zawadi. Mama mmoja wa Ilala alinifuata ofisini akiwa na CD zangu tatu kwenye mfuko wa rambo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa shingo upande.

"Mwanangu, deki yangu imetoka Ulaya, ya hela nyingi. Sinema za dukani inaonyesha vizuri. Harusi ya binti yangu inasema hakuna diski. Jirani yangu ana kideki chake cha Kichina, kwake inaonyesha. Sasa nani mwongo hapa, wewe au deki?"

Hakuna aliyekuwa mwongo. CD ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, juu yake pamepakwa aluminiamu inayorudisha mwanga. CD ya kuchoma haina vishimo, ina tabaka la rangi ambalo mashine huliunguza. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya leza ya CD, yenye mwanga wa nanomita 780. Leza ya DVD ni nyekundu, ya nanomita 650, na rangi ya CD-R ikipigwa na mwanga huo huumeza badala ya kuurudisha. Deki ambayo mtengenezaji hakuiwekea leza ya pili haikuwa na namna ya kuiona diski yetu. Deki nyingi za mwanzo zilikuwa hivyo. Wa China hawakuweza kufanya uzembe huo, kwa kuwa soko lao la nyumbani lilikuwa limejaa VCD, halali na zisizo halali, na deki isiyozisoma isingepata mnunuzi.

Habari za namna hii hazikuhitaji gazeti. Ukazuka utaratibu Kariakoo: mteja anakwenda kununua deki na diski yake ya harusi kwapani. Muuzaji wa Msimbazi au Aggrey akaweka televisheni ndogo juu ya kaunta, nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, zikiwa tayari zimechomekwa. Wasiojua walitazama dakika mbili za mwanzo wakalipa. Wanaojua waliomba rimoti wakaruka mpaka mwisho, maana diski husomwa kutoka katikati kwenda nje, na kule nje kabisa, hasa kama imechomwa haraka haraka au imebandikwa lebo ya karatasi inayoifanya iyumbe, ndiko deki dhaifu inakoganda. Ninyi mliokuwa mnaulaumu uchawi kwa CD kukwama kila inapofika zamu ya shangazi kutoa zawadi, sababu ndiyo hiyo.

DVD za kuchoma ziliposhuka bei tukahama tena. Safari hii ubishi ulikuwa kati ya DVD-R na DVD+R, kambi mbili za viwanda zilizokataa kuelewana, na ada ya ubishi wao tukailipa sisi. Mimi nilishikilia DVD-R, deki za zamani ziliisoma bila kununa. Niliichoma kwa kasi ya 4, nikaandika jina la maharusi kwa maka peni, basi. Karatasi niliikataa hata mteja alipotaka picha ya maharusi ibandikwe juu ya diski.

Wajuzi wa vyombo walizidharau deki za Kichina, na sauti ya zile za bei ya chini kweli ilikuwa ya kopo. Lakini mtazame mzazi wa Temeke na vitu alivyokuwa navyo. Diski ya harusi ya mpwa imetoka Houston katika mfumo wa NTSC, televisheni yake ni ya PAL tu, picha inakuja nyeusi na nyeupe huku inabingirika. Kwenye rimoti ya Kichina kuna kitufe kimeandikwa N/P: bonyeza, picha inatulia. Filamu za dukani kutoka Marekani zilifungwa kwa kanda namba 1, huku Afrika Mashariki ikiwa namba 5. Deki ya Kichina ilipuuza mipaka hiyo. Nyuma iliandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka jioni yenyewe inaendelea. Juu ya hayo ilisoma MP3, picha za mnato, na baadaye flashi.

Lenzi ndiyo iliyokuwa haidumu. Ikichoka, fundi alikuwekea nyingine ukisubiri: lenzi aina ya HD62 au HD65 ya Sanyo, skrubu chache, unachomeka flati, halafu unatoa kwa ncha ya kaviya lile tone la risasi linaloilinda isiungue kwa umeme wa mwilini. Aliyelisahau tone hilo alirudisha kifuniko, akawasha, akaona "NO DISC", akailaumu lenzi mpya. Deki ya Ulaya ya mama wa Ilala ilipoharibika, lenzi yake haikupatikana mji mzima.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na king'amuzi kikachukua zile nyaya tatu nyuma ya televisheni. Deki ikapanda juu ya kabati.

Ukiihitaji leo, usinunue kwa jina wala kwa mng'aro. Chukua ya Kichina iliyotumika, nenda na diski yako mwenyewe, ruka mpaka dakika za mwisho, subiri mpaka iishe yenyewe. Ikipita hapo, lipa. Na mkifika nyumbani msiishie kuangalia: rangi ya diski za kuchoma hufifia, na zile za bei poa za miaka ya 2003 na 2004 zimeshaanza kukataa. Diski ya VCD ukiiweka kwenye kompyuta utakuta folda ya MPEGAV yenye faili za DAT. Ya DVD ina VIDEO_TS yenye faili za VOB. Nakilini folda hizo kwenye diski kuu mbili tofauti, moja ikae kwa ndugu mwingine, mwezi huu huu.