Usimamizi wa seva za majina ya vikoa

Usimamizi wa seva za majina, au seva za DNS, ni kazi ya kutunza kompyuta zinazotafsiri majina ya vikoa kuwa anwani za IP. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina yote ya kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California. Kompyuta zilipoongezeka, faili hilo likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo wa kugawa mamlaka, kila mwenye kikoa ajitunzie majina yake. Kwa mfano, daftari la .ke, kikoa cha Kenya, liko mikononi mwa KeNIC, nayo huwaachia wenye vikoa vya chini yake rekodi zao.

Msimamizi huandika rekodi za kikoa katika seva kuu, na seva za pili huchukua nakala. Kila badiliko lazima liambatane na kuongeza namba ya toleo. Asipoiongeza, seva za pili huona hakuna jipya na kuendelea kutoa majibu ya zamani. Tovuti ikafunguka kwa huyu, kwa yule ikagoma. Hitilafu hii huchosha kuitafuta, kwa sababu kila seva ikipimwa peke yake huonekana nzima.

Ugumu mkubwa zaidi ni muda. Kila rekodi hubeba TTL, yaani sekunde ambazo seva za watu wengine zinaruhusiwa kulikumbuka jibu. Ikiwa ni 86400, anwani iliyokosewa inaweza kudumu huko siku nzima hata baada ya kusahihishwa, na msimamizi hana uwezo wa kuifuta. Kwa hiyo anayetaka kuhamisha seva hupunguza TTL hadi 300 hivi siku moja au mbili kabla.

Seva ziwe mbili au zaidi, kwenye mitandao tofauti. Wingi pekee hautoshi: tarehe 4 Oktoba 2021 njia za kuzifikia seva za majina za Facebook ziliondolewa zote kwa pamoja, na huduma zake, WhatsApp ikiwemo, zikapotea kwa takriban saa sita.

Saini za DNSSEC, zilizowekwa kwenye mzizi wa mfumo, yaani ngazi yake ya juu kabisa, mwaka 2010, huzuia majibu ya kughushi. Zinahitaji kuhuishwa kabla ya kuisha muda. Zikiisha, seva zinazokagua saini hulikataa hata jibu la kweli.