Kosa la Mnukuzi

Wanaozisoma tenzi zetu za kale katika miswada ya herufi za Kiarabu wanaijua thamani ya kosa. Nakala mbili zikikutana katika kosa moja, herufi ile ile imepotoka pahala pale pale, msomaji huanza kushuku kuwa moja imenukuliwa kutoka kwa mwenziwe, ama zote mbili zimezaliwa na mama mmoja. Hoja hiyo ya wanukuzi ilikuja kufaa Marekani, katika jambo ambalo wengi wataliona la kitoto: mchezo wa ubaoni uitwao Monopoly.

Kwa miaka mingi wanunuzi wa mchezo huo walisimuliwa kuwa aliyeubuni ni Charles Darrow, mtu wa Philadelphia aliyekosa kazi wakati uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1930. Ni kisa kitamu, na utamu wake, naamini, ndio uliowafanya watu wasikichunguze.

Asili yake ni mwanamke, tena mshairi. Elizabeth Magie, aliyezaliwa Illinois mwaka 1866, alikuwa karani wa hati mkato, na mwaka 1892 alichapisha diwani ya mashairi. Alimfuata Henry George, mwanafikra aliyeshikilia kuwa ardhi ni neema ya wote na kwamba kodi itozwe juu ya thamani ya ardhi peke yake. Fikra hiyo Magie aliifanya mchezo. Tarehe 5 Januari 1904 serikali ilimpa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa mchezo alioutia jina la The Landlord's Game, Mchezo wa Mwenye Ardhi. Mchezaji huzunguka pembezoni mwa ubao, hununua viwanja, hulipa kodi ya pango, hutumbukia jela. Aliukusudia uwe somo: wachezaji waonje kwa vidole vyao jinsi mwenye ardhi anavyonenepa na mpangaji anavyokonda.

Mchezo ulichapishwa kwa uchache, lakini ulienea kwa mikono. Katika kijiji cha Arden, jimbo la Delaware, kilichoasisiwa mwaka 1900 na wafuasi wa George, na baadaye miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu, aliyeupenda aliketi akajitengenezea wake. Alitwaa kitambaa, au ubao wa mti, au kile kitambaa kilichopakwa mafuta cha kutandika mezani. Akapima kwa rula, akachora miraba, akaipaka rangi. Kadi alizikata kwa mkasi. Kanuni aghalabu hazikuandikwa, zilipokewa mdomoni. Na kila mchoraji alikuwa huru kutia majina ya mitaa ya mji wake, kama vile mwimbaji anavyochomeka jina la mwenyeji wake katika wimbo wa zamani. Hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani. Sisi nasi, ni nani aliyewahi kuuliza mwenye bao?

Mwalimu Ruth Hoskins aliupata Indiana akaufikisha Atlantic City, mji wa pwani ya New Jersey, na huko waumini wa madhehebu ya Quaker wakaandika juu yake mitaa yao wenyewe. Mmoja wa mitaa hiyo huitwa Marven Gardens, jina lililoungwa kwa vipande vya Margate na Ventnor, miji jirani. Charles Todd wa Philadelphia, alipojichorea ubao wake, aliandika Marvin. Herufi moja tu. Todd ndiye aliyemfundisha Darrow mchezo, na Darrow akamwomba amwandikie na kanuni. Darrow akachora mbao zake kwenye kitambaa cha meza, kisha akapeleka kazi kwa mpiga chapa; na Marvin akaingia chapani pamoja na mitaa mingine. Kampuni ya Parker Brothers iliukataa mchezo mwaka 1934, ikaununua mwaka 1935. Darrow akatajirika. Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake, bila fungu lolote katika mauzo. Mnamo Januari 1936 alijitokeza gazetini mjini Washington akiwa ameshika mbao zake, lakini sauti yake haikufika mbali. Alifariki mwaka 1948.

Ukweli ulifukuliwa na mtu aliyekuwa akijitetea. Ralph Anspach, mwalimu wa uchumi huko San Francisco, alitoa mchezo wake, Anti-Monopoly, mwaka 1973, akajikuta katika kesi na kampuni iliyomiliki jina. Mwaka 1977 maelfu ya nakala zake yalifukiwa jalalani Minnesota. Yeye akazunguka nchi akiwatafuta wazee waliocheza kabla ya Darrow, na wengine walikuwa bado wamezitunza mbao zao za mkono. Todd alitoa ushahidi, na ile herufi iliyopotoka ikamsadiki. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya kampuni, na ushindi wa Anspach ukasimama.

Mwaka 1995 kampuni ilikiri rasmi kosa la tahajia na kuwaomba radhi wakazi wa Marven Gardens. Ubaoni waliiacha i pale pale.