Breki ya nyuma ya pikipiki: Mkono au mguu?

MSIMU wa mvua unapowadia, njia nyingi za ndani katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi hugeuka kuwa matope. Wahudumu wa bodaboda hulazimika kuteremka mahali penye utelezi, kuvuka mitaro ya majitaka na kuwakwepa wapita njia, huku wamebeba abiria au mizigo ya sokoni. Katika hali hiyo, breki ya nyuma ndiyo tegemeo lao kubwa. Swali ni je, breki hiyo yafaa iendeshwe kwa mguu au kwa mkono?

Mpangilio wa kawaida

Katika pikipiki zenye gia ambazo hutumiwa sana na bodaboda, kama vile Bajaj Boxer na TVS, mkono wa kulia huongeza mafuta na kubana breki ya mbele. Mkono wa kushoto hubana klachi, mguu wa kushoto hubadilisha gia, nao mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma.

Mambo hayakuwa hivyo tangu jadi. Pikipiki nyingi za Uingereza za zamani zilikuwa na gia upande wa mguu wa kulia na breki upande wa kushoto. Ni katikati ya miaka ya 1970 ambapo Marekani ilishurutisha mpangilio mmoja, na watengenezaji wakaufuata.

Skuta zisizo na klachi, kwa upande mwingine, huwa na breki ya nyuma kwenye mkono wa kushoto. Baadhi ya pikipiki za umeme, ambazo zilianza kuenea Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2020, zimeundwa vivyo hivyo.

Ubora wa mguu

Mguu una nguvu kuliko vidole na hauchoki upesi. Aidha, mkono wa kushoto unabaki huru kushughulikia klachi, jambo ambalo ni muhimu penye tope, kwani gurudumu la nyuma likifungwa na breki kabla klachi haijabanwa, injini huzimika.

Ifahamike pia kwamba uzito wa abiria hukaa zaidi juu ya gurudumu la nyuma. Kwa sababu hiyo, breki ya nyuma ya pikipiki iliyobeba mtu hushika vizuri kuliko ya pikipiki tupu. Hata hivyo, Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja pekee, na mzigo unaopita kiasi hurefusha umbali ambao pikipiki huhitaji ili kusimama.

Udhaifu wake

Kasoro ya breki ya mguu hujitokeza pale hasa inapohitajika zaidi. Njia ikiwa na utelezi, waendeshaji wengi hushusha miguu yote miwili ili kujitegemeza wasianguke. Mguu wa kulia ukishaondoka kwenye kanyagio, breki pekee inayosalia ni ya mbele. Gurudumu la mbele likifungwa kwenye tope, usukani hupoteza mwelekeo na pikipiki huanguka ghafla. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mwendeshaji huwahi kulegeza breki na kujirekebisha.

Isitoshe, anayevaa gambuti wakati wa mvua hahisi vyema amekanyaga kwa nguvu kiasi gani, naye anayevaa ndara huweza kuteleza juu ya kanyagio lenye tope.

Breki ya mkono

Breki ya nyuma inayobanwa kwa mkono huondoa tatizo hilo. Mwendeshaji anaweza kuweka miguu yote chini huku akiendelea kuidhibiti pikipiki. Ndiyo maana baadhi ya waendeshaji wa pikipiki za nje ya barabara katika nchi za ng'ambo huweka klachi inayojiendesha yenyewe, kisha wakahamishia breki ya nyuma kwenye mkono wa kushoto. Breki ya aina hiyo huwafaa pia wenye ulemavu wa mguu wa kulia.

Mfano maarufu ni wa Mick Doohan wa Australia, aliyevunjika mguu wa kulia huko Assen, Uholanzi, mwaka wa 1992. Alitengenezewa breki ya nyuma ya kubonyezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, na akatwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za 500cc mara tano mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1998.

Hatari ya mazoea

Hatari kubwa zaidi humkabili mtu anayehama kutoka aina moja hadi nyingine. Aliyezoea Boxer akipanda skuta, huenda akabana mkono wa kushoto kwa nguvu akidhani ni klachi, kumbe amefunga gurudumu la nyuma. Aliyezoea skuta naye akipanda Boxer, hubana klachi wakati wa dharura akitarajia kusimama, na pikipiki ikazidi kuteremka bila kuzuiwa na injini.

La kufanya

Kwa pikipiki yenye gia na klachi ya kawaida, breki ya mguu ingali bora, na si busara kumwomba fundi aibadilishe kwa kuungaunga waya. Mwendeshaji aingie mteremkoni kwa gia ya kwanza, aache injini ipunguze mwendo, ajitegemeze kwa mguu wa kushoto na kuuacha wa kulia juu ya kanyagio. Penye utelezi mkali, abiria ashuke atembee.

Kanyagio nalo lirekebishwe lilingane na kiatu kinachovaliwa. Baada ya kupita kwenye maji, breki ibanwe polepole mara kadhaa ili ikauke.

Kwa pikipiki isiyo na klachi, breki ya mkono inafaa zaidi njia za matope. Lakini anayeipanda kwa mara ya kwanza ajizoeze kwanza uwanjani, bila abiria, hadi mkono uzoee kazi yake mpya.