Zimwi la Ng'ambo ya Ziwa: Filamu ya Idi Amin na Mvuto wa Sinema za Ovyo

Wahakiki wetu wamezoea kuipita sinema ya ovyo kama mtu apitavyo jaa, pua ameziba. Makala haya yanasimama kidogo jaani hapo, mbele ya filamu ya Sharad Patel, *Rise and Fall of Idi Amin*, ya mwaka 1981. Ilipigwa picha nchini Kenya muda mfupi baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979, na aliyeigiza Amin alikuwa Joseph Olita, mtu wa Siaya, jirani na Kisumu.

Kifani, filamu hii ina undugu na sinema za bei rahisi za Waitalia. Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa *Africa Addio* mwaka 1966, ikiwa na picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar wakati wa mapinduzi ya 1964. Ruggero Deodato akaja na *Cannibal Holocaust* mwaka 1980. Siri ya mvuto wao ni moja: tamasha la damu huvikwa vazi la ushahidi, na mtazamaji hujiambia kuwa anaelimika ilhali anastarehe. Sidai kwamba Patel aliwaiga. Hata hivyo, naye alimtia Denis Hills katika filamu aigize nafsi yake. Hills ni yule mwandishi Mwingereza aliyehukumiwa kifo na Amin mwaka 1975 kwa sababu ya mswada wake, kisha akaachiliwa. Shahidi wa kweli anasimama katika filamu ile ile yenye vichwa vya watu ndani ya jokofu. Uvumi unaazima uso wa ushahidi.

Kwa mkazi wa Kisumu, uvumi huo haukuwa wa kuchezea. Hadi mwaka 1902 mji huo ulikuwa sehemu ya Uganda katika ramani ya wakoloni, na Februari 1976 Amin alidai kuwa magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria. Nacheka ninapoitazama filamu, nakiri. Olita ana kimo na mbwembwe za kumfanya mtu acheke. Lakini kicheko kile nakielewa kuwa ni cha mtu ambaye jirani mwenye panga amekwisha kuondoka.

Tatizo langu ni lile jokofu. Mwaka 1971 wanajeshi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kwa wingi kambini, Jinja na Mbarara miongoni mwazo. Walilengwa kwa sababu walihesabiwa kuwa watu wa Obote: hiyo ni siasa, yenye amri na orodha ya majina. Lugha zao ni za ukoo mmoja na Dholuo inayosemwa Siaya na Kisumu. Kwa hiyo Olita aliigiza muuaji wa watu ambao huenda angeelewana nao bila mkalimani. Filamu inapomfanya Amin mla watu, mauaji hayo yanageuka kuwa uchu wa mtu mmoja. Waliotii amri, na serikali za nje zilizomkaribisha Amin alipoipindua serikali Januari 1971, wanapata nafuu kubwa mno.

Labda ndiyo sababu filamu inamwingia mtazamaji wa pwani ya ziwa kwa urahisi hivyo. Sigana za Kijaluo zinamjua Apul-Apul, zimwi mla watu, na hadhira yake haidai uhalisi. Hudai zimwi liwe kubwa, liwe na tamaa, lishindwe. Patel ametimiza yote matatu. Olita akarudia uhusika huo katika *Mississippi Masala* ya Mira Nair mwaka 1991, na alipofariki huko Siaya mwaka 2014 alikumbukwa kwa sura ya Amin kuliko kwa yake.

Tofauti moja inabaki. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, zimwi likiuawa hupasuliwa, na waliomezwa hutoka wakiwa hai. Katika filamu zimwi linakimbia tu, na wale wa Jinja na Mbarara hakuna anayewataja majina.