Nusura ni Neno la Kazi

Neno "ajali" lilitoka Kiarabuni likiwa na mzigo. Huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ule wa mtu kuiaga dunia. Kiswahili kililipokea, kikaliongezea maana ya tukio la ghafla lenye madhara, wala hakikuifuta ile ya kwanza. Ndiyo sababu tunasema ajali haina kinga. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha. Kwa mfiwa, methali ile ni faraja, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya.

Hata hivyo, watu wa anga hawawezi kufanya kazi wakiiamini. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachoongoza uchunguzi wa ajali za ndege duniani, kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kwao ajali ina chanzo, ina sababu zilizoichangia, na aghalabu ilikwisha kutoa dalili siku nyingi kabla. Dalili hizo zinahitaji jina, na Kiswahili kinalo: nusura.

Neno hili nalipenda kwa jinsi lilivyo na nyuso mbili. "Nusura agonge" maana yake ni kwamba ilibaki kidogo tu. Papo hapo, nusura ni msaada na uokozi. Kutokana nalo tunapata kunusuru na kunusurika. Neno moja linashika hatari iliyokuwapo pamoja na wokovu uliofika. Magazeti hulitumia kila ndege inapoponea chupuchupu, abiria wakashuka salama na habari ikaishia hapo. Kwa wenye kazi yao, hapo ndipo habari inapoanza.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Mwongoza ndege aliwapa marubani kibali cha kuukaribia uwanja. Wao walikielewa kibali hicho kuwa njia iliyo mbele haina kizuizi, wakashuka hadi kimo cha futi 1,800. Mwongoza ndege naye aliamini kwamba kujua pa kushukia na pa kutoshukia lilikuwa jukumu la marubani. Katikati ya maana hizo mbili palikuwa na mlima. Ndege iliugonga, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa.

Linaloumiza zaidi ni kwamba wiki sita kabla, marubani wa United walikuwa wamekielewa kibali cha namna hiyo vilevile, nusura waugonge mlima uleule. Kampuni yao iliwatahadharisha marubani wake. Wa kampuni nyingine hawakupata habari. Kutokana na msiba huo, mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa kupokea taarifa za nusura kutoka kwa marubani, waongoza ndege na wengine wa fani hiyo. Taarifa hupelekwa NASA, taasisi isiyo na mamlaka ya kumwadhibu mtu, majina huondolewa, kisha somo lililomo husambazwa kwa wote.

Upo pia msiba uliobadili matumizi ya neno moja. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos huko Tenerife, ukungu ulikuwa mzito. Rubani msaidizi wa KLM alisema redioni maneno ambayo kwake yalimaanisha kwamba wameanza kuruka; mnara ukayaelewa kuwa wako tayari, wanasubiri. Ndege yao iliigonga ya Pan Am iliyokuwa bado juu ya njia ya kurukia, na watu 583 walikufa. Tangu hapo, neno la kuruka limewekewa mipaka redioni: hutajwa tu ndege inaporuhusiwa kuruka, au ruhusa hiyo inapofutwa. Kabla ya hapo, watu husema kuondoka.

Ndani ya ndege ya KLM, fundi wa safari alikuwa ameuliza kama Pan Am wamekwisha kutoka njiani. Nahodha alimhakikishia kwamba wametoka, na swali likafa. Misiba ya namna hii ilizaa mafunzo ambayo jina lake la kigeni, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "usimamizi wa rasilimali za wahudumu." Tafsiri hiyo inanuka fedha na maghala. Kinachofundishwa ni jinsi mdogo anavyosema na jinsi mkubwa anavyosikiliza, kwa hiyo naona heri tuyaite mafunzo ya kusemezana kazini.

Sisi tuna hazina kubwa ya maneno ya adabu. Kijana aliyelelewa vizuri huanza na samahani, akazunguka, akamwachia mkubwa wake nafasi ya kuigundua hoja mwenyewe. Adabu hiyo ni njema, na hakuna haja ya kuiacha nje ya chumba cha marubani. Lakini mlima haungoji samahani. "Kapteni, tuko chini mno, tupande" ni sentensi kamili: ina heshima, ina hatari, ina la kufanya. Kuisema bila kusita kunahitaji mazoezi, na kuipokea bila kununa kunahitaji mazoezi zaidi.

Kwa hiyo naomba tuipe nusura hadhi ya istilahi, ikae kando ya ajali, hitilafu na kasoro katika mafunzo, katika fomu za taarifa na katika vyumba vya habari. Fundi aliyekuta kasoro kabla ndege haijaruka aweze kuandika kwa Kiswahili kilichonyooka kilichotaka kutokea, bila hofu kwamba maandishi yake yatageuzwa hati ya mashtaka. Nasi waandishi, ndege ikinusurika, tusiishie kumshukuru Mungu na kumsifu rubani. Tuulize taarifa ya nusura hiyo imeandikwa na nani, na marubani wa kampuni nyingine wameisoma lini.